Njia ya Bondwa Yafaa Kuwa Maabara

Kwa wanafunzi wengi wa sekondari mlima ni mchoro wa ubaoni. Huchorwa pembetatu, ikagawanywa kwa mistari ya ulalo, na katika kila tabaka likaandikwa jina: mashamba, msitu, nyasi, theluji. Mchoro huo hunakiliwa, hukaririwa, kisha hurudishwa kwa mtahini kama ulivyotolewa. Mjini Morogoro, ambako Milima ya Uluguru imesimama juu ya mapaa ya shule, si ajabu kumkuta mwanafunzi awezaye kuyataja matabaka ya mimea ya Kilimanjaro bila kukosea, lakini asiyejua msitu ulio juu ya shule yake unaanzia wapi.

Kuwapeleka wanafunzi mlimani peke yake hakuondoi kasoro hiyo. Safari nyingi za shule hugeuzwa mashindano. Wenye miguu myepesi hutangulia, wazito huburuzwa nyuma, na wote wakifika juu hupigwa picha na kuteremka kabla ya mvua. Wanafunzi hurejea wakiwa na malengelenge na hadithi za kutosha. Hawarejei na kipimo hata kimoja. Kama shabaha ni mazoezi ya viungo, uwanja wa mpira ungetosha, tena ni karibu zaidi.

Ni hasara kubwa, kwa sababu njia yenyewe ina utajiri wa masomo. Mji wa Morogoro upo kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari. Njia hupanda katikati ya mashamba ya mboga na migomba hadi Morningside, penye jengo kongwe lililoachwa na Wajerumani, kwenye mita 1,300 hivi. Juu ya hapo mashamba hukoma na msitu wa hifadhi huanza. Mgongo wa Bondwa, wenye minara ya mawasiliano, unapita mita 2,000. Kwa hiyo mtembeaji mwenye afya hupanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja, naye hukuta hewa ambayo mkazi wa nchi tambarare angeipata kwa kusafiri mbali sana.

Vitabu husema kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Kwa kanuni hiyo Bondwa yapasa kuwa na baridi kuliko mji kwa nyuzi 10 hivi. Je, ndivyo ilivyo? Hapo ndipo somo linapoanza, maana jibu halipatikani kwa urahisi kama inavyodhaniwa. Kundi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kupima joto kila linapopumzika, huenda likashangaa kuona kipimajoto kinashuka kidogo tu, au hata kinapanda. Kosa si la kanuni. Wakati wanafunzi wanapanda mlima, jua nalo linapanda, na dunia nzima inapata joto. Dawa yake ni kuwaacha wanafunzi wawili shuleni wakiwa na kipimajoto cha namna ileile, kivulini, wakiandika joto kila nusu saa. Jioni madaftari mawili huwekwa pamoja, na vipimo vya saa moja hulinganishwa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja ameelewa maana ya jaribio lenye ulinganisho kuliko aliyeandikiwa fasili yake ubaoni mara kumi. Wale wawili waliobaki shuleni, ambao bila shaka watanung'unika, watakuwa wamefanya kazi muhimu kuliko wote.

Fizikia ya kanieneo ya hewa haihitaji hata kipimajoto. Chupa tupu ya maji, ya plastiki laini, ifungwe barabara juu ya mgongo wa mlima na kuteremshwa mjini. Itafika ikiwa imebonyea mbavu, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani ilikuwa nyepesi kuliko hewa ya chini inayoikandamiza. Ni Kanuni ya Boyle, kwa gharama ya chupa iliyokwisha kutupwa.

Hata hivyo, utajiri mkubwa zaidi umo msituni. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na miteremko yake, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Ndiyo maana upande wa mashariki hunyeshewa zaidi kuliko upande wa magharibi. Kwa kuwa misitu hii imetengwa na mingine kwa muda mrefu mno, imehifadhi viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Ndege aitwaye kitaalamu Malaconotus alius, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1927, haishi nje ya Uluguru. Karibu na mgongo miti huwa mifupi, imepindwa na upepo, na matawi yake yamevikwa kangaga na kuvumwani. Hata siku isiyo na mvua, ukungu ukipita, majani hayo hudondosha maji. Mwanafunzi akinga kopo chini ya mti mmoja na kopo jingine mahali pa wazi, kisha apime tofauti.

Kopo jingine, lililokatwa pande zote mbili, lididimizwe kidogo katika udongo wa msitu, limiminiwe lita moja ya maji, na muda wa kunywewa uandikwe. Jaribio lirudiwe kwenye njia iliyokanyagwa. Tofauti hiyo si mchezo wa watoto, kwani mito ya Ruvu na Ngerengere huanzia katika milima hii, na Ruvu ndio unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, jiji hilo liligawiwa maji kwa zamu. Sababu kubwa ilikuwa ukosefu wa mvua, jambo ambalo msitu hauwezi kulizuia. Lakini mvua ikija, udongo unaonywa maji na udongo unaoyatiririsha huyafikisha mtoni kwa namna mbili tofauti kabisa.

Uluguru pia ina mfano wa maarifa yaliyoletwa bila kupimwa papo hapo. Mwaka 1955 wananchi waliasi amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta katika miteremko. Uasi huo ulikuwa na sababu nyingi, za siasa na za kazi ya lazima, lakini wakulima walisema pia kwamba matuta yalifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo mfu. Wao walikuwa wameukanyaga mlima huo kila siku.

Walimu watasema kwamba muhtasari ni mrefu, na mitihani haingoji. Ni kweli. Watasema pia kwamba mlima una hatari: njia huteleza, ukungu hupoteza watu, na kuingia hifadhini kunahitaji kibali na mwongoza njia. Hayo yote yapasa kutimizwa, na kundi lisizidi idadi ambayo walimu wake wanaweza kuihesabu kwa macho. Lakini siku moja kwa mwaka haiuvunji muhtasari unaotumia majuma kadhaa kufundisha mambo yaleyale kwa chaki. Tena si lazima kufika Bondwa. Kundi lililoishia ukingo wa msitu likiwa na vipimo sita limefanya kazi ya sayansi kuliko lililogusa minara mikono mitupu.

Shule ikirudi kila mwaka, mwezi uleule, katika vituo vilevile, baada ya miaka kumi itakuwa na kumbukumbu ambayo hata mtafiti wa chuo kikuu angeiomba: tarehe, saa, mwinuko, joto mlimani na joto shuleni, mahali msitu ulipoanzia, na majina ya vijito vilivyokuwa na maji siku hiyo.