Kyavinyonge: anayejua ufunguzi wa sataranji asiufiche ili ale pesa ya wadogo

Hapa Kyavinyonge, kandokando ya Ziwa Edouard, kazi ya mvuvi ni ya usiku. Asubuhi mitumbwi ikisharudi, samaki wakishauzwa kwa wamama wanaopanda Butembo, vijana wanabaki na mchana mzima. Wengine wanalala, wengine wanatengeneza nyavu, na wengine wanacheza. Zamani ilikuwa dame tu, kwa vifuniko vya chupa juu ya ubao uliochorwa kwa makaa. Siku hizi pembeni ya dame kuna pia sataranji, ule mchezo ambao sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunauita échecs. Ubao mmoja ninaoufahamu umekosa pioni mbili. Nafasi yao wameweka punje za mahindi, na mchezo unaendelea bila shida.

Shida iko mahali pengine. Juma lililopita nilisimama hapo na kuona mtu mzima, baba wa watoto, akiwashinda vijana watatu mmoja kisha mwingine, wote kwa hatua zilezile nne. Kila mchezo una pesa yake. Wa tatu alikuwa mtoto ambaye kwa kumwangalia sidhani amefikisha miaka 14. Alipoona mfalme wake amekwama kabla hata hajaelewa kitu, aliuliza: "Papa, umefanya nini hapo?" Jibu alilopata ni hili: "Lipa kwanza."

Alilipa franka 2,000. Hiyo ni unga ya bugali nyumbani kwao. Mimi niliyejua kilichofanyika nilinyamaza, na ndiyo sababu leo ninaandika.

Hatua hizo nne Wafaransa wanaziita pigo la mchungaji. Si uchawi. Wa kwanza anasogeza pioni ya mbele ya mfalme nafasi mbili, nawe unafanya vilevile. Anatoa fou yake mpaka c4. Wewe unatoa farasi kulinda pioni yako. Hapo anamtuma malkia mpaka h5. Mtoto anaona malkia amesimama wazi, anafurahi, anatoa farasi wa pili ili amfukuze. Kumbe malkia hakuja kwa ajili ya kitu kingine ila f7, ile nafasi ambayo mwanzoni inalindwa na mfalme peke yake. Anakula pale, fou yake inamlinda kwa mbali, basi imekwisha.

Dawa yake ni hatua moja ya pioni ndogo: g6. Malkia analazimika kukimbia. Akirudi f3 kutisha f7 tena, ndipo sasa unatoa farasi mpaka f6 na njia imefungwa. Angalia basi hali yake: malkia ametembea mara mbili bila faida, na amekalia nafasi ambayo ilikuwa ya farasi wake mwenyewe. Wewe umetoa farasi wawili. Mwenye kutega ndiye aliyechelewa.

Kuelezea hayo kunachukua dakika tano. Dakika tano hizo ndizo watu wazima wanazinyima watoto, kwa sababu anayezipata hawezi kuliwa tena.

Siandiki kama mtakatifu. Nilipokuwa sekondari Butembo nilipigwa hivyo mara mbili na yaya mmoja wa darasa la juu. Hakuna aliyenifundisha, nilijitafutia mwenyewe. Na nilipojua nilifanya nini? Niliwageukia wa darasa la chini nikala biskuti zao muhula mzima. Mnyonywaji akageuka mnyonyaji. Ndivyo mambo yanavyoendelea pia hapa ziwani.

Kuna wanaosema: waache washindwe, kushindwa ndiyo shule. Nakubali nusu. Ukishindwa na mtu akakuonyesha ulipokosea, umesoma. Ukishindwa ukaambiwa "lipa kwanza", umesoma nini? Wengine wanasema vijana wana simu, wajifunze huko. Walio na simu na pesa ya megabaiti kweli wanajifunza, lakini nimeona namna wanavyofanya: wanakariri hatua kumi za video kama vile sala, halafu mpinzani akicheza tofauti kwenye hatua ya pili wanabaki wameduwaa. Na lazima atacheza tofauti! Mwanzoni kabisa kila upande una hatua 20 za kuchagua, 16 za pioni na 4 za farasi. Kila mmoja akisha kucheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa na sura 400. Nani atakariri hizo?

Kinachofaa kufundishwa ni sababu. Kwa nini pioni ya kati kwanza? Kwa sababu anayeshika katikati ya ubao kete zake zinafika pande zote, na anayebanwa pembeni anasumbuka, sawa na mtumbwi uliokwama kwenye matete. Kwa nini farasi na fou kabla ya malkia? Kwa sababu malkia akitoka mapema kila kete ndogo inamfukuza. Kwa nini kumficha mfalme nyuma ya mnara haraka? Yule mtoto wa franka 2,000 anaweza kujibu hilo mwenyewe. Ufunguzi wa Kiitaliano, ambao watu wanaucheza tangu karne nyingi, una hayo yote ndani ya hatua chache: pioni, farasi, fou kwenye c4, kisha mfalme anajificha. Ni fou ileile ya pigo la mchungaji, lakini hapa inafanya kazi ya kweli. Huo mmoja ukieleweka vizuri unatosha mwaka mzima.

Jirani zetu wa Uganda walishafanya. Nasema Katwe, si ile ya chumvi hapo ng'ambo ya ziwa letu, bali mtaa wa maskini wa Kampala. Huko Robert Katende alianza kufundisha watoto sataranji mwaka 2004, na uji ulikuwa sehemu ya mafundisho. Phiona Mutesi alifika mwaka uliofuata, akionyeshwa kete na msichana mdogo kuliko yeye. Tim Crothers, aliyeandika kitabu juu yake, anasimulia kwamba kulikuwa na kijana aliyekuwa anamshinda Phiona kwa hila ya hatua nne. Katende hakumwacha hivyo. Alimfundisha kinga, malkia wa yule kijana akakamatwa, na kijana akalia. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 akarudi kutoka ile ya Istanbul na cheo cha kimataifa. Mwalimu angemficha ile kinga, huenda tusingejua jina lake.

Wazazi wananiambia mchezo huu ni kamari tu. Wana haki ya kuogopa, na watu wazima wakitaka kuwekeana soda ni shauri lao. Kwa mtoto, hapana. Ninaomba wenye ubao hapa Kyavinyonge wakubali mambo mawili: mchezo na mtoto usiwe na pesa, na anayeshinda aonyeshe alivyoshinda. Mimi natoa saa moja kila Jumapili baada ya misa, na ubao wangu.

Yule mtoto nilimtafuta kesho yake nikamwonyesha g6. Akarudi kwa yuleyule papa, safari hii bila pesa, maana hakuwa nayo. Alishindwa tena. Lakini nilihesabu: hatua 31, na papa alikuwa ameacha kuongea tangu ya kumi.