Peni Imeanguka, Kisha Nini?



Juzi alikuja dukani mteja wetu, Mzanzibari mwenzetu anayeishi Uingereza, kuchukua dira lake. Akatuuliza kwa nini oda za Sikukuu tunazifunga mapema, tukamsimulia yaliyotukuta. Akasema, "Kumbe hapo ndipo the penny dropped!" Sisi mbio tukainama kuitafuta chini ya cherehani. Akacheka mpaka akakaa. "Hapana pesa iliyoanguka, dada zangu. Maana yake ndipo mlipotanabahi."

Akatueleza. Zamani Uingereza kulikuwa na mashine za kutumbukiza sarafu. London zilikuwepo tangu miaka ya 1880, zikiuza postikadi. Unatia peni, ikifika mahali pake mashine inakutolea kitu chako. Lakini mara nyengine peni hunasa njiani. Umeshalipa na hupati kitu, mpaka iteleze ianguke.

Tumeupenda msemo huu, kwa sababu unasema kweli kuhusu sisi.

Peni yetu ilitumbukizwa tukiwa wadogo, maalim alipotufundisha chuoni kuwa kuvunja ahadi ni miongoni mwa alama za mnafiki. Tukahifadhi, tukajibia mtihani. Tukakua, tukasomea ushoni, tukafungua duka, tuko wawili na vyerehani viwili. Kila Ramadhani tukapokea vitambaa mpaka kumi la mwisho. "Njoo Alkhamisi." "Njoo kesho baada ya tarawehe." Pesa za kutanguliza tukizila. Tukiitwa mafundi waongo tunacheka, eti kazi ndivyo ilivyo.

Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Idi, alikuja bibi na mjukuu wake kuchukua gauni. Kitambaa hata kukatwa hakijakatwa. Tukamrudishia kitambaa na pesa yake, tukaona tumemaliza. Bibi hakututukana. Alisema tu, "Wanangu, kitambaa mmenirejeshea. Sikukuu ya mtoto mtairejesha vipi?" Mtoto kashika viatu vyake vipya mkononi, anatutazama.

Usiku ule hatukulala. Hatukuwa tumejifunza jambo jipya. Lile la chuoni ndilo lililoanguka, baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Baada ya Sikukuu tulifungua daftari tukahesabu nguo ambazo mikono yetu inaweza kweli kuzishona kwa mwezi. Tulikuwa tukipokea zaidi ya mara mbili yake. Sasa mwisho wa oda ni tarehe 15 Ramadhani, na daftari likijaa kabla ya hapo, tunafunga. Pesa ya mteja haiguswi mpaka kitambaa chake kikatwe. Mwaka wa kwanza wateja walitukimbia, kodi ya duka tuliilipa kwa shida. Bibi yule hakurudi tena.

Ndiyo maana tunasema, wanawake wenzetu, kufahamu pekee hakutoshi. Tunasikiliza mawaidha, tunalia, tunayatuma kwa mashoga zetu wote. Kesho yake deni la watu liko pale pale, wifi hajaombwa radhi, zamu ya mchezo bado tunaikimbia. Hapo peni haijaanguka, imenasa. Ingekuwa imeanguka, mashine ingetoa kitu.

Na mwenzetu aliyechelewa kuiona kweli, tusimsute kwa "si tulikwambia!" Huenda maneno yako ya mwaka juzi ndiyo peni yenyewe, na leo ndiyo imefika chini. Mshike mkono umsaidie kufanya linalofuata.

Nawe jiulize leo, ni neno gani unalijua tangu utotoni na bado halijatoa kitu mikononi mwako? Allah atuwafikishe sote kutenda tunayoyajua. Amin.