Laki moja kwa kamera inayochelewa?

Haya wasomaji, leo naweka kando mambo ya programu nigombane kidogo na watu wa kamera. Nimevumilia vya kutosha.

Mnazijua zile kamera ndogo za filamu zenye mwili wa titani, ambazo siku hizi zinatafutwa kama dhahabu: Contax T2 ya 1990, Nikon 35Ti ya 1993, Leica Minilux ya 1995 na wenzao. T2 iliyotumika miaka mingi inaweza kukutoa shilingi laki moja na zaidi. Mimi nami niliingia mkenge. Jina la niliyonunua nalihifadhi, ila ni ya ukoo huo, na pesa ilitoka kwenye kazi ya miezi miwili ya kuandikia duka moja hapa Kakamega mfumo wa hesabu.

Jumamosi moja asubuhi nikaenda nayo Khayega kwenye pigano la fahali. Isukuti inalia, vumbi linapanda, watu wenye fimbo wanakimbia huku na huku. Fahali wa mjomba wangu alikuwa anapigana kwa mara ya mwisho kabla hajauzwa. Mjomba alitaka kitu kimoja tu: picha ya fahali wake akimwinua mwenzake kwa pembe, aitundike sebuleni. Akamwinua kweli! Nikabonyeza. Kamera ikanguruma kidogo, ikafikiri, kisha ikapiga.

Filamu niliituma Nairobi ikaoshwe. Iliporudi, palikuwa na mkia mmoja na migongo ya watu wengi. Mjomba akaitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu upande wa pili, akaniuliza: "Mpwa wangu, fahali yuko wapi?"

Nilidhani kosa ni la kidole changu. Kwa hiyo nikafanya tunachofanya sisi watu wa programu, nikapima. Niliandika kiprogramu kinachohesabu milisekunde kwenye skrini, kikifika 1,000 kinaanza tena sifuri. Unafuata mdundo kama anayepiga makofi, unabonyeza kwenye sifuri, na picha yenyewe inakuonyesha ilipigwa saa ngapi. Skrini yangu hujichora mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kuna kosa la milisekunde 17 hivi, si neno. Ili nisisingizie kamera uzito wa kidole changu, nikarudia zoezi kwa Pentax K1000 ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha za harusi. Hiyo nayo lazima iinue kioo kwanza, na bado iliiacha ya titani nyuma kwa kama theluthi ya sekunde. Unaona ni kidogo? Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde huwa amesogea zaidi ya mita moja na nusu.

Sababu ni ya kukasirisha. Nyingi ya kamera hizi, ukibonyeza kitufe nusu, hupima umbali tu. Lenzi yenyewe haisogei mpaka umalize kubonyeza, ndipo mota izunguke, lenzi iende mahali pake, halafu shata ifunguke. Kwa hiyo wale wanaosema "bonyeza nusu kwanza, usubiri" wanakuponya nusu ya ugonjwa. Ni kama programu iliyokwisha kuandaa ripoti lakini inangoja mteja abonyeze "chapisha" ndipo ianze kutafuta printa. Contax T3 ya 2001 iliwekewa chaguo la kusogeza lenzi mapema, pale unapobonyeza nusu. Maana yake walijua!

Mtaniambia lenzi ni kali. Ni kali, sibishi. Nywele za mkia ule unaweza kuzihesabu moja moja. Mtaniambia kamera hizi si za fahali, ni za watu waliosimama wakitabasamu. Sawa, lakini mtu aliyesimama akitabasamu hata kamera ya plastiki itampata, na hatadai laki. (Simu nyingi za leo huanza kuhifadhi picha kabla hujagusa kitufe, lakini ugomvi wa simu na filamu tuuache siku nyingine.)

Na bei yenyewe imetoka wapi? Kyocera, waliokuwa wakitengeneza Contax, waliacha biashara ya kamera mwaka 2005. Kisha 2017 Kendall Jenner akaonekana na T2 kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na kila mtu akaitaka. Waya zake za ndani zikikatika, fundi wa hapa mjini atakurudishia mikono mitupu, wakati K1000 haihitaji betri ila kwa kupima mwanga.

Mzee mwenye K1000 amekubali kuniuzia. Mimi nimesimama kwenye elfu kumi na mbili, yeye anataka kumi na tano. Fahali ameshauzwa, na msumari wa mjomba bado uko ukutani.