Mtoto wa PCB Si Tarishi wa Serikali



Kila ikifika Mei nchi nzima inawatakia kheri watahiniwa wa kidato cha sita. Wakuu wa mikoa wanatoa salamu, viongozi wa dini wanaomba dua, wabunge wanapiga picha kwenye mahafali. Halafu serikali hiyohiyo inamgeukia mtoto aliye katikati ya mtihani na kumwambia: ukitoka kwenye pepa ya Baiolojia, anza kukusanya vyeti. Wengi wetu tumelizoea jambo hili mpaka tunaliona la kawaida. Mimi nasema si la kawaida, na kwa watoto wanaotaka kusoma udaktari ni dhuluma.

Hebu tuanze na huyo mtoto mwenyewe. Anasoma kombi ya PCB: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Kila somo lina pepa tatu, na ya tatu ni ya vitendo, ile ya kusimama maabara na kupima kwa mikono yako. Ongeza GS, ongeza hisabati ya BAM. Hizo ni pepa 11. Akitaka Shahada ya Udaktari hawezi kuteleza kwenye somo lolote kati ya yale matatu, maana yote yanatakiwa, na nafasi zinagombewa na watoto wenye wani za chini kabisa kutoka kila kona ya nchi. Mbele yake kuna miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Kosa la wiki moja ya Mei linaweza kumbadilishia maisha yote. Ndiyo maana anakesha, anapiga msuli mpaka macho yanamuuma.

Sasa tazama anachodaiwa pembeni. Dirisha la mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na waombaji huambiwa wajiandae mapema, na kweli asiyejiandaa mapema anaumia. Kujiandaa maana yake nini? Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, au ZCSRA kwa wa Visiwani, na uhakiki unalipiwa. Namba ya NIDA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kama kaya yenu iko TASAF, namba ya TASAF. Fomu isainiwe na serikali ya mtaa, kijiji au shehia. Fomu hiyohiyo ipelekwe kwa Kamishna wa Viapo, yaani wakili au hakimu, agonge mhuri. Mdhamini naye atafutwe. Juu ya hayo yote, ada ya maombi ya mkopo, shilingi 30,000. Soma tena hapo: mtoto anayeomba mkopo kwa sababu hana pesa anatakiwa kwanza atoe pesa.

Jiulize swali dogo tu. Cheti cha kuzaliwa kilitolewa na nani? Serikali. Cha kifo? Serikali. Kitambulisho cha taifa? Serikali. Orodha ya kaya maskini ya TASAF inatunzwa na nani? Serikali. Matokeo ya kidato cha nne yako wapi? NECTA, serikali tena. Kwa hiyo mtoto wetu hathibitishi chochote. Anabeba karatasi kutoka ofisi moja ya serikali kwenda ofisi nyingine ya serikali, kwa nauli yake, kwa bando lake, kwa muda wake wa kusoma. Kazi hiyo ina jina, inaitwa utarishi. Ofisini tarishi analipwa mshahara. Huyu analipa yeye.

Na msiniambie mifumo haiwezi kusomana. Ukiingiza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne kwenye mfumo wa mikopo, jina lako linatokea lenyewe, maana mfumo unasomana na NECTA. Na siku ukipata ajira, sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wako na kuipeleka Bodi. Hapo hakuna anayekutuma kwa mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Wakikudai wanakujua vizuri sana. Ukiwadai haki yako, ghafla unakuwa mgeni.

Tuje kwenye ile saini ya mtaa, maana hapa wengi wanaogopa kusema. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti. Kule Zanzibar sheha hachaguliwi kabisa, anateuliwa. Sasa chukua binti ambaye baba yake ni balozi wa chama chetu, au ni yule mzee aliyevaa fulana ya chama akapita nayo sokoni mchana kweupe. Binti huyo anaenda kuomba saini kwa nani? Sisemi kila mwenyekiti ni mbaya, wapo waungwana wanaosaini bila kuuliza lolote. Ninachosema ni kwamba haki ya mtoto kusoma isitegemee uungwana wa mtu. Sheria nzuri ni ile inayomlinda raia hata siku atakapokutana na ofisa mwenye roho mbaya.

Nikirudi nyumbani likizo, majirani wananiletea fomu hizi. Wanasema, "Dada, wewe si mwanasheria, tusaidie." Mimi bado mwanafunzi, sina mhuri wala sina kiti mahakamani, lakini nakaa nao. Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja na fomu ya binti yake, maana binti alikuwa bweni, mkoa mwingine, yuko kwenye mtihani. Mama anauza mihogo ya kukaanga. Alifunga biashara siku mbili kufuata saini ofisi moja ya kata. Siku ya kwanza mhusika yuko semina. Siku ya pili anaambiwa jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na cheti cha shule, aanze upya na kiapo cha jina. Alichoniuliza mama yule ni hiki: "Nimpigie simu nimwambie, au nimwache amalize mitihani?" Hakuna mzazi anayestahili kuchagua kati ya hayo mawili.

Akimaliza mtihani je, anapumzika? Mwishoni mwa Mei au Juni vijana wanaochaguliwa wanaripoti JKT kwa mujibu wa sheria. Sipingi kujitolea kwa nchi. Ila tazameni kalenda. Julai matokeo yanatoka, dirisha la udahili linafunguliwa, dirisha la mikopo liko wazi, na kijana yuko kambini, hana simu wala intaneti ya uhakika. Nani anamwombea chuo? Kaka yake, kwenye steshenari ya stendi, kwa kijana anayejaza fomu 30 kwa siku na hajui tofauti ya Udaktari na Ufamasi. Akikosea kubofya, ndoto ya miaka sita ya sekondari imekwenda. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Simu ipi, wakati ya kwake iko sandukuni nyumbani?

Watasema maofisa wa Bodi wamewahi kwenda kambini kutoa elimu. Ni kweli, na tunawashukuru. Lakini ofisa anayepita siku moja hawezi kutibu kalenda iliyopangwa vibaya. Mwenye kupanga tarehe za mtihani ni serikali, za JKT ni serikali, za TCU ni serikali, za mikopo ni serikali. Wakae meza moja, wanywe chai, wapange. Hilo tu linawashinda?

Watasema tena: udaktari unataka uvumilivu, acheni kulia. Hoja hii huwa inatolewa na wakubwa waliosoma kabla ya sera ya kuchangia gharama kuingia miaka ya 1990, wakati serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo ada, chakula na malazi. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza 1963, nchi ina miaka miwili tu ya uhuru, masikini kuliko leo, na haikumwomba mtoto wa mkulima alipie ndipo ahesabiwe kuwa masikini. Uvumilivu wa daktari unapimwa wodini usiku, mgonjwa wa kumi na nane akiwa bado hajaonwa. Foleni ya mhuri haipimi hilo. Inapima kama baba yako ana nauli na kama mnamjua mtu ofisini. Mkichuja madaktari kwa kipimo hicho, mtapata madaktari wa aina hiyo, kisha mtashangaa kwa nini hakuna anayetaka kupangiwa Kakonko.

Hata huko Uingereza, mwombaji wa udaktari anatuma maombi mapema kabisa, mwisho 15 Oktoba, huku bado anasoma kwa ajili ya mitihani ya mwaka unaofuata. Nao wanalalamika kwamba ni mzigo. Lakini tarehe inajulikana mapema, maombi yote yanapita mfumo mmoja kwa ada moja, na shule ndiyo inayoandika barua ya mwanafunzi na kukadiria alama zake. Sisi tuliwahi kuwa na mfumo wa pamoja wa TCU kuanzia 2010 hadi 2017. Ulikuwa na kasoro, na wengi walilalamika kupangiwa wasikotaka. Dawa ilikuwa kurekebisha kasoro. Badala yake mwombaji aliambiwa aende chuo kimoja kimoja, na vyuo vingi vinatoza ada ya maombi. Anayetaka kujaribu Muhimbili, Bugando, KCMC na Dodoma ajipange. Mwenye pesa anajaribu vyuo vingi, asiye nazo anajaribu kimoja na kusali.

Sasa niseme la darasani kwangu. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inazungumzia haki ya kujielimisha, na inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa za elimu katika ngazi zote. Maneno mazuri. Lakini rudi nyuma, soma Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu ile hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwa lugha ya mtaani: unayo haki, ila huna pa kuidai. Ukitaka kupitia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, utakuta inashughulikia Ibara ya 12 hadi 29. Ya 11 imeachwa nje ya mlango. Na marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri chini ya sheria hiyo aape kwamba ukiukwaji umemuathiri yeye binafsi. Kwa hiyo hata mimi ningetaka kumsemea binti wa mama muuza mihogo, mlango ulifanywa mwembamba. Vijana wakituuliza Katiba Mpya inahusiana nini na ugali, tuwaonyeshe hapa. Inahusiana na nani atakuwa daktari.

Tunachodai ni hiki, na hakuna la ajabu ndani yake.

Kwanza, mifumo ya RITA, ZCSRA, NIDA, TASAF na NECTA isomane na ya mikopo, na mwombaji asidaiwe karatasi ambayo serikali tayari inayo.

Pili, ada ya 30,000 ifutwe kwa kila anayeomba mkopo. Anayekuja kukopa ada hatozwi ada.

Tatu, saini ya mtaa na shehia iondolewe. Mkuu wa shule anayemjua mwanafunzi kwa miaka miwili atoshe.

Nne, isiwepo shughuli yoyote ya maombi wala uhakiki katika wiki za mtihani wa taifa, na aliyeko JKT apewe siku za simu na intaneti kambini, kwa ratiba inayotangazwa mapema.

Tano, maombi ya vyuo yarudi kwenye mfumo mmoja wenye ada moja, na mwombaji abaki na uhuru wa kuchagua chuo chake.

Hayo ni ya kuidai serikali. Lakini yapo ya kufanya sisi wenyewe kabla hawajaamka. Kila tawi lenye kijana anayejua kompyuta lifungue meza ya msaada kuanzia Juni. Mawakili wa chama, nyie mnaogonga mihuri kila siku, tengeni Jumamosi mbili mgonge bure, na msimuulize mtoto baba yake anavaa fulana ya rangi gani. Wenzangu wa vyuo vya sheria, twende tukasome fomu na wazazi wasiojua Kiingereza cha kwenye fomu. Na kila tutakapokutana na mtoto aliyekosa chuo kwa sababu ya mhuri, herufi ya jina au namba iliyotumwa kwenye simu asiyokuwa nayo, tuandike tarehe, ofisi na alichoambiwa, bila kumtaja jina. Tukikusanya za kutosha tunawapelekea wabunge wote, wa huku na wa kule, na tunawasubiri mlangoni kwa majibu.

Watahiniwa wa mwaka huu mlioficha simu chini ya mto ili msome hiki, zimeni. Rudini kwenye Kemia. Fomu tutazifuatilia sisi.