Picha Iko Jikoni

Wazazi wenzangu, watoto walipoambiwa walete picha moja ya kuzungumzia darasani, karibu wote walileta za safari: ufukwe wa Nungwi, maghorofa ya Dubai, bawa la ndege. "Mama, nyumbani hakuna cha kupiga picha," wangu alinijibu. Mimi sikubali.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio nyumbani kwao mwaka 1948. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, na tamvua zake. Baadaye alikuwa akikibadilisha kila baada ya miaka michache, hata akaweza kuujua mwaka wa picha kwa kuangalia kitambaa tu. Leo picha zake zinaonyeshwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Sisi tuna kanga, tuna mbuzi ya kukunia nazi, tuna dirisha linalojaa mvuke bibi akipika. Nina picha tele za minara, lakini ya mikono ya marehemu mama akisukuma chapati sina hata moja. Hilo linaniuma.

Basi watoto, Jumamosi ijayo leteni picha ya jikoni kwenu. Msiwapange watu, wala msingoje jua. La London tutalingoja mpaka Julai.