Ufunguo wa Mashua Yetu

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana mabwenini muhula huu, yaani kitasa cha mashua ya shule. Maneno yamekuwa mengi, na baadhi ya wasemaji hawajafika gatini hata siku moja.

Ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza masomo mnaijua mashua hiyo. Ni ile ile ya mlingoti mmoja, yenye chumba kidogo mbele, tuliyopewa na wamisionari kabla sisi wa leo hatujazaliwa. Mlango wa chumba hufungwa kwa kitasa cha shaba kilichozamishwa ndani ya ubao. Humo huwekwa tanga, kamba, nanga ndogo, ndoo ya kukumbia maji, na majaketi kumi ya kujiokolea. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Ulipotea mwezi wa pili, wala sina haja ya kuficha kwamba ulipotea mkononi mwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nahodha wa mashua. Nilikuwa nimeufunga kwa uzi kwenye mshipi wa kaptura. Uzi ukakatika nilipokuwa nikivuta nanga, nikausikia ufunguo ukigonga ubavu wa mashua, kisha kimya. Tulipiga mbizi siku mbili, tukapata matope.

Shule iliandika barua kwa muuzaji wa vitasa kuuliza kama ufunguo mwingine wapatikana. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: kitasa cha namna hiyo hakitengenezwi tena. Lakini kabla ya jibu hilo kufika, siku ya Jumamosi, wavulana watatu wa kidato cha pili walikuja kuniomba ruhusa ya kutoka na kile kidau cha makasia. Nikawaambia, "Nendeni, ila msifike mbali." Majaketi sikuwapa, kwa kuwa yalikuwa yamefungiwa. Alasiri upepo uligeuka, dau likajaa maji. Wavuvi waliokuwa wakirudi pwani ndio waliowatoa, na mmoja wa watoto wale hakujua kuogelea. Mimi nilikuwa nimesimama gatini nikitazama, na nyuma yangu, hatua nne tu, majaketi kumi yalikuwa makavu kabisa.

Jioni ile seremala wa shule aliitwa. Alizitoa pini mbili za bawaba kwa nyundo na msumari, mlango ukamjia mzima mkononi. Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Pini zile zilikuwa upande wa nje siku zote, kila mtu akiziona, na kwa wiki mbili hakuna aliyezifikiria, nami wa kwanza.

Basi sasa mlango uko wazi na shauri limebaki: kitasa kifanyweje? Bila kitasa haiwezekani, kwa sababu tanga likiachwa ufukoni usiku mmoja halitaonekana asubuhi. Wako wasemao kiking'olewe kitupwe, kinunuliwe kipya. Wengine, na mtunza fedha wetu yumo, wasema yatosha kununua kufuli la kawaida. Mimi naona wote wamekosa, nami nitaeleza kwa nini.

Vitasa vipya vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa milango ya nyumba. Mlango wa mashua yetu ni mwembamba mno. Kukiingiza kitasa kama hicho yatupasa kuuchimba ubao mpaka ubaki kama ganda. Tena ulimi wake hautalingana na tundu lililoko kwenye fremu, kwa hiyo fremu nayo itachimbwa, na kila shimo jipya katika ubao wa chombo ni mlango wa maji na uozo. Kufuli nalo lataka pete na kikomeo vilivyokazwa kwa skrubu nje ya mlango. Mwizi hana haja ya kuligusa kufuli, atachukua bisibisi. Na makufuli ya bei rahisi yana chuma ndani. Yakikaa gatini mwaka mmoja huvimba kutu, na hapo hata mwenye ufunguo atabaki nje. Kitasa cha shaba kimekaa pale miaka yote hiyo na bado hugeuka kama kilichotiwa mafuta jana.

Maoni yangu ni kwamba tutengeneze ufunguo, tukiache kitasa mahali pake. Wengi wamecheka niliposema hivyo, wakidhani ufunguo usiouzwa hauwezi kupatikana. Si kweli. Wakati wa likizo nilipewa ruhusa kukichukua kitasa, nikakipeleka Katwe, Kampala, kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya bati. Hakuniuliza kilitengenezwa wapi. Alikigeuza, akasafisha uso wake kwa kitambaa, akanionyesha herufi moja na tarakimu tatu ambazo sisi hatukuwahi kuziona kwa sababu ya rangi. Hiyo ndiyo namba ya ufunguo. Kiwanda kingekuwapo, namba hiyo peke yake ingetosha kukata meno yote.

Kwa kuwa kiwanda hakipo, akafuata njia ya pili. Ndani ya kitasa kama hiki mna silinda, na ndani ya silinda mna vijiti vidogo vya shaba, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo wa kweli huviinua vijiti hivyo mpaka mikato yote ikae katika mstari mmoja, ndipo silinda izunguke. Shauri hili ni la kale. Wamisri wa zamani walikuwa na vitasa vya mbao vya namna hiyo, naye Linus Yale Mdogo wa Marekani alipata hataza ya kitasa chake cha silinda mwaka 1861. Fundi aliingiza kipande chembamba cha bati kwa nyuma, huku mbele akiinua kijiti kimoja kimoja kwa waya, mpaka silinda ikatoka. Vijiti vilikuwa vitano. Akavipima, akasema meno ayajua sasa. Taabu iliyobaki ni mifuo ya ubavuni, maana hana ufunguo mtupu wenye mifuo kama ile. Atachukua mnene wa kitasa kingine, aupunguze kwa tupa. Bei aliyoitaja haifiki nusu ya bei ya kitasa kipya.

Hapa niwaambie kidogo wale wenzangu waliojaribu kukifungua kwa spoki ya baiskeli, wakajisifu kwamba kingekubali kama wangepata nafasi. Mwaka 1851, mjini London, Mmarekani Alfred Hobbs aliyefahamu kazi hiyo kuliko wote alihitaji saa 51, katika siku 16, kulifungua kufuli la Bramah. Ninyi mlikaa robo saa, mkaacha mikwaruzo.

Tena nasema, funguo zikatwe tatu: mmoja ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mmoja kwa nahodha wa mashua, na mmoja kwa mlinzi wa gati, ambaye yuko pale mchana na usiku. Wapo wasemao mlinzi hawezi kuaminiwa na ufunguo. Tunamwamini na mashua nzima! Na namba ya ufunguo iandikwe katika daftari la shule, isibaki kichwani mwa mwanafunzi atakayeondoka mwisho wa mwaka. Majaketi yasirudi chumbani kabisa. Yatundikwe katika kibanda cha gati, pasipo kitasa cha namna yoyote. Yakiibiwa mawili, tutanunua mawili. Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria hatujaisahau Novemba 24, 2018, mashua ya starehe ilipozama karibu na Mukono, wakafa watu zaidi ya 30.

Mwisho nina ombi kwa ninyi wazee wa shule. Mwalimu mmoja wa zamani ameniambia kwamba zamani funguo zilikuwa mbili, na wa pili alikuwa nao nahodha mmoja wa miaka ya nyuma, ambaye huenda alisafiri nao nyumbani kwa kusahau. Hakuna atakayeulizwa neno. Fundi ameniambia kwamba akiupata ufunguo wa asili, hata kama umevunjika, kazi yake itakuwa ya saa moja. Ni mfupi, wa shaba, kichwa chake ni cha mviringo chenye tundu moja. Tafadhali tazameni katika masanduku yenu. Atakayeuona aulete au aupeleke kwa posta kwa Mwalimu Mkuu kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao, maana siku hiyo nitarudi Katwe.