Usiseme "Ni Kweli" Ili Yaishe

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunaogopa hata kulitaja: siku mume, mtoto au binti anayetusaidia kazi za nyumbani anapofikishwa Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la jinai. Sisi tunaohudumia wagonjwa na kutembelea familia za jumuiya tumeona nyumba zikijiandaa vizuri kwa harusi na kipaimara, lakini zikienda mahakamani mikono mitupu, na shauri moja tu la majirani: "Mwambie akubali, yaishe."

Shauri hilo hutolewa kwa nia njema. Katika kikao cha ukoo, mwenye busara huomba radhi hata kama hana kosa, kwa kuwa tumefunzwa kufunika kombe mwanaharamu apite. Wagombanao hupeana mikono, na kesho yake wanachota maji bomba moja. Mahakamani mambo hayaendi hivyo. Shtaka husomwa, kisha mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Akijibu "ni kweli" na kuyakubali maelezo ya kosa, mashahidi hawaitwi tena. Anatiwa hatiani, na kinachobaki ni adhabu. Kwa kawaida hawezi baadaye kukata rufaa akisema hakutenda kosa. Atalalamikia adhabu au fidia tu.

Tunamkumbuka kijana mmoja, mwana wa mwanajumuiya mwenzetu, aliyeshtakiwa kwa kumpiga jirani. Yeye mwenyewe alikuwa na jeraha kichwani lililoshonwa nyuzi nne, maana ndiye aliyeshambuliwa kwanza. Akashauriwa akubali, alipe faini, arudi kwenye genge lake la mboga. Alikubali. Akapewa kifungo cha miezi mitatu na kuamriwa kulipa fidia. Jeraha lake hakuna aliyeliuliza, kwa kuwa hakulitaja, na genge likafa akiwa gerezani.

Hapa ndipo sisi wauguzi tunapoomba mtusikilize. Ile fomu ya polisi ya matibabu, PF3, si ya mlalamikaji peke yake. Yeyote aliyeumia katika ugomvi aiombe kituoni, aende nayo hospitali mapema na kumweleza daktari jinsi alivyoumia. Jeraha la leo, baada ya wiki chache, ni kovu tu, na kovu halisemi lilipatikana siku gani. Mwenye hali mbaya aletwe kwanza atibiwe, fomu ifuatiliwe na ndugu. Sheria inamruhusu mtu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, lakini lazima hakimu aelezwe.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni upande unaoshtaki. Basi tushike mambo haya:

Kwanza, dhamana haiuzwi. Makosa mengi yanayosikilizwa Mahakama ya Mwanzo yana dhamana. Mdhamini aende na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mtu akidai pesa, mwombeni risiti. Mtuhumiwa akishatoka, tarehe ya kesi iandikwe ukutani ili kila mtu nyumbani aione. Asipofika atakamatwa, na mdhamini naye atabanwa.

Pili, lijueni shtaka. Limetajwa kosa gani, siku gani, saa ngapi, mahali gani? Kama usiku ule mume wako alikuwa zamu kazini, daftari la zamu na mwenzake wa zamu ni mashahidi wake. Watafuteni mapema, kabla watu hawajasahau.

Tatu, mshtakiwa ana haki ya kumwuliza maswali kila shahidi anayemshtaki. Wengi huitumia nafasi hiyo kugombana: "Wewe mwongo, unanichukia tangu zamani!" Hilo halisaidii kitu. Tujifunze kwa Danieli alipomtetea Suzana. Hakuwatukana wale wazee wawili. Aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walimwona. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mwingine, na uongo ukajulikana. Vivyo hivyo, mshtakiwa aulize maswali mafupi: Ulisimama umbali gani? Palikuwa na taa? Uliniona mwenyewe au uliambiwa? Nani mwingine alikuwepo?

Nne, wakati wa utetezi leteni mtu aliyeona au kusikia mwenyewe. Katekista anayempenda kijana wako anaweza kueleza tabia yake, lakini kama hakuwepo, hawezi kueleza kilichotokea.

Tano, kama mshtakiwa hajafikisha miaka 18, sema mapema kabisa, polisi na mahakamani pia. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mashauri ya watoto yana mahakama yake, Mahakama ya Watoto. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama hukipati, beba kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo visaidie kuonyesha umri. Ndiyo maana tunawasihi kila siku msitupe zile kadi!

Sita, akitiwa hatiani na haki haikutendeka, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ombeni nakala ya hukumu siku hiyo hiyo. Hata Mtakatifu Paulo, alipoona hatapata haki mbele ya Festo, alikata rufaa kwa Kaisari.

Kuhusu wakili, kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa Mahakama ya Mwanzo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamefungua mlango pale anaposikiliza hakimu mkazi. Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure. Waulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, nacho kimesaidia akina mama wengi.

Sasa, je, kama kweli ametenda? Mama Mkristo hamfundishi mwanawe uongo. Aliyetenda akiri, aombe radhi, aeleze mzigo wa familia anaoubeba na utayari wake wa kulipa. Na katika ugomvi mdogo wa watu binafsi, mahakama yenyewe inaweza kuwasaidia wahusika wapatane. Mlango huo ni halali. Lakini kukiri jambo usilolitenda ni kushuhudia uongo dhidi ya nafsi yako.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tunaoshtaki. Simu au pesa ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni binti wa kazi. Hana mama karibu, anaogopa, na tukimwambia "sema tu ndiyo, nitakusamehe," atasema ndiyo. Kitabu cha Mithali, sura ya 18, kinatuonya kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumwuliza. Tumsikilize binti huyo kama tunavyotaka mahakama iwasikilize watoto wetu.

Basi, mama, kabla hujamsindikiza mtu wako mahakamani, keti naye faragha umwulize ilivyokuwa. Kama ni kweli, aseme kweli. Kama si kweli, aseme si kweli, nawe usimame upande wake mpaka mwisho, hata kesi ikichukua miezi. Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu.